Ngitili ya Majini

Mwadila wewe wa Ndala na Kambarage, wewe wa Old Shinyanga na Mwadui, na wewe uliye mbali kidogo, Kakola, Katoro au Nyarugusu, unayesikiliza redio iliyotundikwa mlangoni pa kibanda huku ukingoja ugali uive. Nimekaa hapa nikiwa na glasi ya maji, na ningependa tuanze na haya maji.

Yametoka Ihelele, wilayani Misungwi, ndani ya Ziwa Victoria. Yamevutwa kwa pampu, yakasafishwa, yakapandishwa kilimani, halafu yakashuka kwa bomba mpaka kwetu. Tunayanywa tangu mwaka 2009. Sisi tuliokulia Ibadakuli kabla ya hapo tunajua kufukua mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajikusanye, kikombe kwa kikombe, mpaka ndoo ijae na jua limeshapanda. Tunayajua maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa. Leo mtoto wa Ibadakuli anafungua bomba na kunywa ziwa, na ziwa lenyewe hajaliona. Wapo watu wa umri wangu, wenye wajukuu, ambao hawajaliona pia.

Jioni hii nataka nikupeleke huko maji yanakotoka, kisha mbele zaidi, mpaka kisiwani. Nataka tuzungumze juu ya kupumzika.

Najua neno hilo linavyopokelewa huku kwetu. Ukimwambia mtu unakwenda kupumzika, anakuuliza unaumwa nini. Kusafiri tunasafiri, mabasi ya alfajiri yanajaa kila siku, lakini waangalie abiria: huyu anakwenda msibani, yule harusini, yule anampeleka mgonjwa Bugando, yule anafuata mzigo Kariakoo. Nilipomwambia mjomba wangu tufunge safari twende kisiwa cha Rubondo tukakae siku tatu, alinitazama kwa wasiwasi wa kweli kabisa, akauliza, "Kuna msiba wa nani huko?"

Mjomba ni mchimbaji mdogo. Aliondoka Ibadakuli akiwa kijana, mwaka ambao pamba ilimtupa, akaenda Geita kutafuta, na ameshuka maduara kwa zaidi ya miaka ishirini. Wa Katoro na Nyarugusu sina haja ya kuwaeleza duara ni nini. Wa mjini, duara ni shimo unaloshuka kwa kamba, kuta zake zimezuiwa kwa magogo, unaingia na tochi kichwani na unatoka na mfuko wa mawe ambayo huenda yana dhahabu na huenda ni mawe tu. Mawe yanapelekwa kwenye karasha yakasagwe, kisha mwaloni yakaoshwe. Karasha haijui Jumapili wala Idi. Mjomba amekaa jirani na karasha muda mrefu hata sauti yake imebadilika, anaongea kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Siku tulipomzika bibi yangu, mama yake, alitaka kuninong'oneza jambo pembeni ya kaburi, na waombolezaji wote wakageuka.

Siku ile ndipo nilipoamua kwamba lazima nimpeleke mahali penye utulivu.

Mwajiriwa ana sheria inayomlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mwaka wa likizo. Mwalimu anazo, nesi anazo, fundi wa mgodi mkubwa anazo. Mwenye duara hana. Mkulima wa pamba hana, mchungaji hana, mama lishe pale stendi hana hata siku moja. Na hao ndio wengi wetu. Siku zao za mapumziko ni siku za ugonjwa na siku za matanga, na mtu hawezi kupumzika matangani.

Wazee wetu hawakuishi hivyo. Mavuno yakishaingia ghalani, kazi ilikuwa na mwisho wake, na ngoma zilianza. Wagika upande huu, Wagalu upande ule, wiki kwa wiki za kucheza na kushindana, na aliyelima kwa jasho alijua kwamba mwezi wa sita na wa saba ni miezi yake. Sherehe za Bulabo kule Bujora bado zinatukumbusha. Kwa hiyo nisikilizwe vizuri: ninaposema tupumzike sileti desturi ya wageni.

Tuliondoka asubuhi, mimi, mjomba na binti yangu mkubwa, tukiwa na mfuko wa matobolwa na karanga, kwa sababu mjomba hasafiri bila matobolwa. Usagara tukakunja kushoto. Wale waliozoea kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo, wakinunua mahindi ya kuchoma na kuangalia saa, wanajua nilichokihisi gari lilipopanda Daraja la Magufuli, lile lililozinduliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na dakika chache baadaye tuko Busisi. Mjomba alitoa kichwa dirishani njia nzima. Kisha Sengerema, Geita, Katoro yenye vumbi na pikipiki zake, halafu Chato, na mwisho Muganza, ambako ukishuka kidogo unafika kwenye gati ya Kasenda. Hapo boti ya hifadhi inakungoja. Unavaa jaketi okozi, unakaa, na kabla saa haijakatika umefika.

Rubondo ni kisiwa kirefu, yapata kilomita 28 kutoka ncha hadi ncha, chembamba, kimefunikwa na msitu karibu chote. Kiko pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Victoria. Pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka na maji yaliyo katikati, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ina ukubwa wa kilomita za mraba 456 na ushee. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Iko mkoani Geita, ndugu msikilizaji, mkoa uleule wa dhahabu. Mtu wa Katoro anaweza kunywa chai nyumbani kwake na kula chakula cha mchana Rubondo.

Niseme pia usichokikuta huko, usije ukanilaumu. Hakuna muziki ufukweni. Hakuna soko. Huogelei, kwa sababu ziwa lina mamba na viboko, na kichocho hakichagui mtalii. Jioni nyingine wadudu wadogo wa ziwani hupaa kwa wingi hata ukadhani kuna moshi juu ya maji. Anayetaka kuoga baharini na kucheza usiku kucha, Zanzibar ipo na ni nzuri. Na asiye na siku tatu, Saanane iko hapohapo Mwanza, kisiwa kidogo kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Unakwenda asubuhi na jioni umerudi mjini. Rubondo inamfaa mtu anayetaka kukaa kimya.

Kwa kuwa hakuna simba wala chui, watu hutembea kwa miguu, pamoja na askari wa hifadhi. Tulitembea asubuhi ya kwanza chini ya miti ambayo huku kwetu hatuna, miti ambayo ukiinua shingo kofia inaanguka. Tulimwona nzohe, yule swala wa majimaji mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame kwenye matope. Alisimama kwenye matete, akatutazama, akaendelea kula. Tuliwaona pongo wawili, na tumbili, na furukombe wengi kuliko kunguru wa pale kwetu, wakipiga mbiu juu ya maji. Binti yangu alimwona fisi maji akiogelea mgongo juu, akapiga kelele za furaha, na fisi maji akazama.

Sokwe hatukuwaona. Tuliwasikia mbali bondeni, na tulionyeshwa viota vyao juu ya miti. Habari yao mjomba aliitaka yote, na mwongozaji wetu alikaa juu ya gogo akamsimulia.

Hao si sokwe wa hapa kwa asili. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa 17, na aliyewaleta ni Bernhard Grzimek, Mjerumani yule wa bustani ya wanyama ya Frankfurt ambaye jina lake limefungamana na Serengeti. Aliwatoa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walikamatwa wakiwa wadogo huko Afrika Magharibi, wakauzwa, wakakua ndani ya vizimba. Wapo waliokaa vizimbani miaka mingi. Wakasafirishwa kwa meli mpaka Afrika Mashariki, wakaja ziwani, milango ya makreti ikafunguliwa ufukweni, basi. Hakuna aliyewafundisha lipi ni tunda na lipi ni sumu. Wengine walikuwa wamezoea binadamu mno na walileta taabu, wakawavamia watu. Lakini miaka ilivyopita wakarudi ndani ya msitu, wakaanza kusuka viota juu ya miti, wakazaa, wana wao wakazaa, na waliopo leo hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa, "Kwa hiyo walijifunza upya kuwa sokwe." Ndege kadhaa waliruka. Hakusema tena neno mpaka tuliporudi kwenye banda tulilofikia.

Wanyama wengine pia walipelekwa kisiwani miaka ile: twiga, na baadaye tembo, ambao wapo hadi leo. Faru walipelekwa, majangili wakawamaliza. Mwaka 2000 wakaachiliwa kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo. Rubondo ilifanywa mahali pa kuhifadhia vilivyokosa usalama kwingine.

Hapa pana jambo nisilotaka kulipita haraka. Watu husema kisiwa kama hiki hakijaguswa. Kimeguswa sana. Wajerumani walikitenga kuwa msitu wa hifadhi tangu zamani za utawala wao, mwaka 1965 kikawa pori la akiba, na katikati ya miaka hiyo ya 1960 watu waliokuwa wakiishi pale walihamishwa. Walikuwa Wazinza, wavuvi na wakulima. Walipelekwa visiwa jirani na bara. Nyumba zilikuwepo pale, na migomba, na watoto waliozaliwa pale. Mwongozaji alipolitaja hilo, mjomba aliuliza, "Na makaburi yao?" Kijana yule aliinamisha kichwa. Tuliendelea kutembea.

Mtu wa ukanda wa dhahabu hawezi kuisikia habari hiyo bila kuguswa. Kuna wasikilizaji wangu wanaokumbuka siku ya kupimiwa shamba na kuhesabiwa miembe. Mimi nadhani kila anayekwenda Rubondo kufurahia ukimya wake ana deni la kujua kwamba kuna waliouacha ukimya huo kwa kuhamishwa. Deni hilo halinizuii kwenda. Linanifanya nitembee kwa adabu.

Na sasa nirudi Shinyanga, maana ni kule kisiwani, usiku wa pili, nilipoielewa vizuri Shinyanga.

Tulikuwa tumekaa nje ya banda. Viboko wametoka majini wanakula majani, unawasikia wanavyong'oa nyasi kama ng'ombe wa jirani. Ng'ambo ya maji unaona mstari wa taa, ni wavuvi wa dagaa na karabai zao, hawaruhusiwi kuvuka mpaka wa hifadhi. Mwongozaji alitueleza kwamba maji yanayokizunguka kisiwa hayavuliwi kwa ajili ya biashara, na sato na sangara huzaliana pale bila kusumbuliwa, halafu hutawanyika ziwani, ambako mvuvi wa Nkome na wa Maisome anawapata. Mjomba akacheka, akasema, "Ngitili! Hii ni ngitili ya majini."

Neno hilo halihitaji kufafanuliwa hapa studio, lakini vijana nao wanasikiliza. Ngitili ni kipande cha malisho ambacho Msukuma hukifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, shoka haliingii. Nyasi zinaota, zinakomaa, na kiangazi kikibana ndipo kinafunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama na wanyama dhaifu. Zamani kila familia yenye mifugo ilikuwa nayo. Kisha nchi yetu ikanyolewa: misitu ilifyekwa enzi za mkoloni ili kumwondoa mbung'o, ikafyekwa tena ili kupanda pamba, watu wakasogezwa vijijini, ngitili zikafa. Mimi nimekulia katika Shinyanga ambayo upepo ukivuma huoni nyumba ya jirani, na mama zetu walikwenda nusu siku kutafuta kuni.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI. Wataalamu walijaribu miche na vitalu, na vilisaidia, lakini jambo lililobadilisha nchi ni pale walipokubali kuwasikiliza wazee na kurudisha ngitili. Fungeni, acheni. Hekta zaidi ya 300,000 zilirudi kuwa na majani na miti. Migunga iliota yenyewe kwenye visiki tulivyodhani vimekufa. Ndege walirudi, nyuki wakarudi, dawa za mitishamba zikapatikana tena karibu na nyumba.

Sisi, basi, ni watu tunaojua ardhi inavyoponywa kwa kuachwa. Tumeifundisha dunia jambo hilo, wageni wamekuja kutoka mbali kutuuliza tulifanyaje. Kwa nini miili yetu hatuipi hata robo ya tulichokipa kichaka? Mjomba ana ngitili huko kijijini, ameifunga kwa mkono wake na anaweza kugombana na mtu anayeingiza mbuzi. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kufungwa hata msimu mmoja. Mgongo wake umechungwa kiangazi na masika kwa miaka ishirini.

Nilimwambia hivyo usiku ule, na nilitetemeka kidogo, maana si jambo rahisi kumwambia mtu aliyekubeba mgongoni. Alinyamaza. Kisha akajibu, na ndipo nilipogundua kwamba nimelazimika kuinama ili nimsikie. Alikuwa ameongea kwa sauti ndogo. Sijui ilishuka saa ngapi. Siku mbili bila karasha na sauti ya mtu huyu ilikuwa imerudi mahali pake, sauti niliyoikumbuka tangu nilipokuwa mtoto, akitusimulia hadithi za sungura. Alichosema sitakisema redioni. Binti yangu aliniangalia, naye alikuwa ameisikia.

Asubuhi ya tatu aliamka saa kumi, kama anavyoamka kila siku, akavaa viatu, akakaa kwenye ngazi ya banda. Nilimkuta hapo jua limeshatoka. Alikuwa na matobolwa mkononi na hajala hata moja.

Sasa nizungumze mambo ya mfukoni, kwa sababu najua kuna anayesema: haya ni ya wenye fedha. Mtanzania hulipa kiingilio cha raia, kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni kwa dola. Hifadhi ina mabanda na hosteli zake mbali na kambi ya kifahari. Gharama inayouma ni boti na usafiri, na hizo zinauma kwa mtu mmoja. Wakiwa kumi zinagawanyika. Na sisi kuchanga tunajua. Akina mama wa vikoba wa Ibadakuli wanachanga sare za harusi tatu kwa mwaka. Tunachanga majeneza, tunachanga mabasi ya kusindikiza maiti mpaka Kigoma. Kikundi cha watu kumi kikiweka akiba kidogo kila wiki tangu palizi mpaka mavuno, mwezi wa saba kinaweza kuwa Kasenda kinavaa jaketi okozi. Walimu wa shule zetu nao nawaomba: mnapopanga safari za wanafunzi, kumbukeni kwamba kisiwa hiki kiko kwenye mkoa jirani, na kwamba mtoto anayekunywa maji ya ziwa kila siku anastahili kuambiwa yanatoka wapi na kuonyeshwa.

Mjomba alirudi Nyarugusu. Duara lake ni lilelile, na karasha iko palepale. Wiki iliyopita alinipigia simu. Mwanzoni sikusikia kitu isipokuwa ule mngurumo, nikamwambia, shikamoo mjomba, sikusikii. Hakupaza sauti. Nilisikia viatu vyake vikikanyaga kokoto, anatembea, mngurumo unapungua kidogo kidogo nyuma yake, anatembea tu, mpaka pakawa kimya. Ndipo akasema marahaba, akaniuliza kama mke wake akipanda ile boti atatapika, na ziwa hutulia zaidi mwezi gani.